Michembe ya Maembe

Baba mkwe alipofariki, shemeji yangu alikuja msibani Kisesa kutoka Dar es Salaam. Siku ya pili alimshika binti yangu mkono juu ya kiwiko, akauzungushia vidole viwili kama mtu anayechagua muwa, akauliza mbele ya waombolezaji, "Huyu mnamlisha nini?"

Jibu lilikuwa langu, lakini nilikuwa nimeshapunguzwa kazini, na mtu aliyepunguzwa hujifunza upesi kuyaacha maswali yapite juu ya kichwa chake.

Ilikuwa ile miaka ya mashirika kufungwa. Shirika letu lilinunua pamba, na mimi, msomi wa uchumi, ndiye niliyeandika ripoti za kueleza kwa nini linapata hasara. Niliziandika vizuri mno. Wakaelewa, wakalifunga.

Shemeji alikuwa na shughuli ya kutoa mizigo bandarini, na wanawe walisoma katika zile shule mpya za kulipia, ambako hata hesabu hufundishwa kwa Kiingereza. Kabla ya kuondoka alimwambia dada yake, yaani mke wangu, kwamba Desemba atakuja kwetu Pasiansi, Mwanza, awaangalie watoto, na mmoja ataondoka naye akamsomeshe. Hakusema yupi. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake ndio uliokuwa ukitulisha, alishukuru. Mimi pia nilishukuru, kwa sauti ya chini.

Binti alikuwa na miaka tisa na mdogo wake, mvulana, alikuwa na sita. Mdogo alifurahi kwa sababu Dar kuna lifti. Binti alingoja turudi nyumbani. Ndipo akaniuliza kama mjomba akikuta wanakula vizuri, bado atamchukua mtu. Nilimwambia nadhani hatakuwa na sababu. Hoja ilikuwa safi: mtu amelalamikia chakula, basi tumwonyeshe chakula. Nimewahi kuona mipango ya nchi nzima iliyosimama juu ya hoja dhaifu kuliko hiyo.

Nyama hatukuiweza. Matunda tuliyaweza, na muda nilikuwa nao tele. Tatizo lilikuwa walaji. Maduka yalikuwa yamejaa biskuti za kutoka ng'ambo na ule unga wa juisi unaoacha ulimi na rangi ya jua linalozama, na wanangu waliliona papai kama adhabu. Niliwapa mhadhara kuhusu vitamini. Mdogo alilala katikati.

Binti ndiye aliyegundua kwamba papai halina budi kuwa kitu kingine kwanza. Alilikata umbo la sangara, akampa jicho la mbegu, mapezi ya nanasi na magamba ya ndizi mbivu zilizokatwa nyembamba. Mdogo wake alimla kuanzia mkiani, akaomba mwingine. Wiki ile tulivua sangara wengi kuliko mtumbwi mzima, na niliona kwamba wetu walikuwa na minofu, tofauti na wale tuliowapata soko la samaki la Kirumba, Mwaloni, ambao minofu yao ilikuwa imepanda ndege kwenda Ulaya na kutuachia vichwa na mifupa. Machungwa ya Ukerewe tuliyafanya kasa. Jioni mama yao alirudi kutoka kazini akakuta ziwa zima mezani, akacheka, kisha akanitazama, na cheko lake likakatika. Alishajua sababu ya michezo ile. Hakuniambia niache.

Maembe yalipoanza kuiva kwa wingi, binti alikumbuka viazi vya bibi yake wa Kisesa. Kwa Wasukuma kiazi kitamu hakiharibiki: kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa juu ya jiwe hadi kikauke, kinaitwa michembe, na kinangoja njaa. Akasema tufanye michembe ya maembe, ili mjomba aone tuna chakula hata msimu ukiisha. Mawe si kitu cha kutafuta Mwanza. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jabali pana kama uwanja, na kila nyumba ilikuwa na sehemu yake. Sisi tulianika maembe upande wetu. Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyeuza dagaa, alianika dagaa upande wake.

Lipo jambo moja kuhusu jabali la pamoja: mvua ikitisha, aliyepo nyumbani huanua vya wote. Haulizwi na hashukuriwi. Siku moja kabla ya mgeni kufika, sisi tukiwa sokoni kutafuta nanasi, wingu lilipanda kutoka ziwani. Jirani akaanua. Alikuwa peke yake na nailoni moja, na mvua ilishaanza kudondoka. Tuliporudi alitukabidhi maembe yetu akiwa amelowa yeye, maembe makavu kabisa, yamelala na dagaa saa nzima katika joto la nailoni.

Binti alinusa kipande, akakaa chini. Nilisema tutampa mjomba matunda mabichi tu. Hakunisikia. Aliingia jikoni, akatoka na ndimu, chumvi na pilipili.

"Kama inanuka samaki," akasema, "tuipike kama samaki."

Akaikamulia ndimu, akaifikicha kwa chumvi na pilipili, akaionja. Akaniletea nami. Ilikuwa tamu, kali, chachu, na mwishoni kabisa, kwa mbali, ziwa. Nilikula kingine. Nilimwambia kwamba mjomba hawezi kumchukua mtoto kwenye nyumba yenye chakula kama hiki. Niliamini.

Shemeji alifika na boksi la biskuti na pakiti za ule unga wa juisi. Binti alimpigia magoti, akampa shikamoo, akamwekea sangara wa papai. Mjomba alimtazama tu samaki huyo. Kisha akachukua mchembe mmoja, akatafuna, akaacha kutafuna, akachukua mwingine.

"Shemeji," akaniuliza, "hiki ni nini?"

Nilimwachia binti aeleze, kwa kuwa nilitaka asikike. Akaeleza yote, jabali, wingu, jirani, harufu, ndimu, bila kusitasita, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Mjomba wake alicheka hadi akavua miwani kufuta macho. Alikula sahani yote. Halafu akamgeukia dada yake.

"Nilikuja kumchukua huyu mdogo," akasema. "Akili kama ya huyu dada yake mnaianika juani ya nini?"

Mke wangu aliangalia sahani tupu. Alisema kaka amesema kweli, na alikuwa amesema kweli. Chuoni nilifundishwa kwamba soko likifunguliwa, kila kilicho bora huenda kinakothaminiwa zaidi. Nilijibu vizuri sana swali hilo kwenye mtihani.

Jioni binti alikuja kunisaidia kuosha sahani.

"Baba, maembe yangebaki kunuka tu, ningebaki?"

Nilimwambia hapana, mjomba alishaamua tangu Dar. Alikuwa amesikia mwenyewe kwamba si kweli. Alikausha sahani ya mwisho akaiweka mahali pake.

Walipokuwa wakiondoka na mjomba wake, nilimfungia binti kopo la michembe kwa ajili ya safari ya treni. Nilipofika nyumbani kutoka stesheni nilikuta kopo juu ya kabati, limejaa. Sokoni maembe yalikuwa bado tele, ila sikuanika tena. Mdogo alimaliza biskuti, akaomba nimtengenezee sangara. Nilijaribu. Nililikata papai vibaya, nikamweka jicho, na yeye akaniangalia kwa huruma, akamla hivyo hivyo.