Tulikagua gari la meneja wa mkonge, tukasahau kuhesabu shikamoo

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na kama nimeongeza chumvi basi leo nisipate usingizi.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi magari Kilosa mjini. Kijana, mjuaji, siamini kitu ambacho spana haikigusi.

Shemeji yangu, mwalimu, akaniomba nimkagulie gari. Dada alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo zilimtoka njiani akikimbizwa hospitali kwenye keria ya baiskeli, na shemeji alishaapa ya tatu haitapanda baiskeli.

Gari lenyewe sasa! Saluni, yaani gari la kutembelea, la kifahari la Kizungu, si kubwa si dogo, viti vya ngozi, injini ya mbio. Meneja wa shamba moja la mkonge kule Rudewa aliliacha, mashamba yalipotaifishwa akarudi kwao. Karani wake wa zamani ndiye aliyekuwa anauza.

Nikagusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni. Hiyo ndiyo ilikuwa diagnosis yetu. Injini safi, moshi hakuna. Kasoro moja tu: mlango wa nyuma kushoto ulipakwa rangi upya, na haufunguki.

Karani akasema, "Huo uacheni tu, fundi."

Nikaona ananidharau.

Jumapili asubuhi tukashika barabara ya Mikumi kwa test drive, mimi na shemeji, wawili tu. Enzi zile Jumapili ikifika saa nane mchana gari zilikuwa marufuku barabarani, kubana petroli, kwa hiyo tuliwahi.

Kufika kijiji cha Zombo nikakanyaga breki kuipima. Pembeni binti mwenye ndoo kichwani akakunja goti kidogo.

"Shikamoo baba. Shikamoo kaka."

Tukaitikia. Mnajua kwetu kila mkubwa ana shikamoo yake, huwajumlishi watu kama viazi.

Mbele, porini, nikasimama kuangalia matairi. Ujuaji ukaniwasha, nikaushika ule mlango. Ukafunguka kabla sijavuta. Nikasimama pale nikisubiri, sijui nasubiri nini, kisha nikaufunga.

"Umeona, shemeji? Mkono wa fundi huo."

Tukageuza. Shemeji akapandisha kioo, ati baridi. Baridi ya wapi, Zombo, jua la saa sita?

Yule binti sasa alikuwa anatoka kisimani. Nikapunguza mwendo. Goti tena.

"Shikamoo baba. Shikamoo kaka." Akageukia dirisha la nyuma. "Shikamoo mama."

Akasubiri kidogo, akatabasamu, akaenda zake.

Wakuu, niliogopa. Sikutazama kioo cha nyuma mpaka Kilosa, na shemeji hakugeuza shingo.

Karani alikuwa amesimama nje kwake. Hakuuliza habari ya injini.

"Mmeufungua?"

Shemeji akaweka ufunguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Dada nilimdanganya giaboksi imekufa. Alilia, akaniambia namuulia mtoto kwa sababu ya giaboksi. Iliniuma sana, maana kama nimelikataa gari zima kwa woga wa bure, ningemzika mtu. Siku ilipofika alipelekwa na trekta la kijiji, akajifungua salama, mtoto wa kike. Mpaka leo dada anaamini ni giaboksi, na bahati nzuri hasomi humu.

Somo: ukinunua gari la mtumba kagua injini, kagua bodi, na muuzaji akikwambia acha, acha. Kisha lipitishe penye watu wenye adabu, uhesabu salamu.

Karibuni mnichambue. Mwenye maelezo ya mlango abaki nayo, milango mibovu nimetengeneza mingi. Mimi nataka kujua yule binti aliitikiwa na nani.