Birika la Anayekuja Nyuma

Pale kisimani walimwita Mama Birika, na jina lilimkaa barabara. Tangu afiwe na mumewe, fundi wa pampu, yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa koki, akapanga zamu za mifugo na kusugua utando wa kijani kwenye birika la kunyweshea. Mshahara hakuwa nao. Ulimi alikuwa nao. Mfugaji akijaribu kupenyeza ng'ombe wake nje ya zamu, alikumbushwa mpaka babu yake aliyekuwa na tabia hiyo hiyo.

Sheria ya pale ilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kuiandika: ukimaliza kunywesha, unajaza birika ndipo unaondoka. Anayekuja nyuma, hata akikuta pampu imezimwa, akute maji. Watu wanaoswaga mifugo juani kutwa hawakuhitaji kuelezwa sababu.

Basi halmashauri ikamkabidhi mwekezaji kile kisima cha umma. Akazungusha uzio, akafunga mita, akatangaza kwamba kila anayenywesha atalipia. Wafugaji walipopinga wakaitwa maadui wa maendeleo. Mama Birika alisimama ukumbini mbele ya madiwani, akauliza, "Ng'ombe wa asiye na kitu mnataka wafie getini?" Wakamwambia muda wake umekwisha, aketi.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa nyumbani kwake. Binti yake wa pekee, baada ya kusaka kazi mpaka soli za viatu zikaisha, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya mwekezaji huyo huyo. Na ndiye aliyeleta sare mpya, ingali ndani ya plastiki.

"Mama, wanataka wewe ufungue koki siku ya uzinduzi. Halafu watakuajiri."

"Wananitaka mimi, au wanataka watu waone nimekubali?"

"Mama jamani! Nimehangaika mno. Usiniharibie."

Mama aliichana ile plastiki. Alimpenda mtoto yule kuliko mboni ya jicho lake, na ndilo hilo lililomtesa. Siku ilipofika akaivaa ile sare. Ilimbana kwapani.

Wageni walikaa chini ya turubai, mwenyekiti wa halmashauri akakata utepe, binti akashika kipaza sauti. Wa kwanza kunywesha alikuwa wifi yake Mama Birika, mwanamke wa maneno kama yeye. Ng'ombe wake wakanywa mpaka birika likabaki tupu. Meneja wa kampuni akaashiria koki ifungwe, Mama Birika akaifunga.

Wifi hakubanduka.

"Mama, sogea, umeshamaliza," meneja alisema.

"Nisogee niende wapi? Birika si tupu hili?"

"Maji yako yamekwisha."

"Yangu ndiyo. Na ya anayekuja nyuma je?"

Na wale waliokuwa nyuma hawakusogea mbele, maana tangu wazaliwe hawajaachiwa birika tupu. Makundi yakasongamana, ng'ombe wakalia, wageni wakaanza kutazamana. Wifi akageuka.

"Na wewe wifi, hiyo nguo imekubana mpaka akili?"

Mama Birika akacheka, cheko lake la kwanza siku hiyo. Kisha akamtazama bintiye, na moyo ukamuuma kweli kweli. Akaifungua koki yote.

"Funga!" meneja aling'aka. "Unamjazia nani? Huyo anayekuja ni nani?"

"Hatumjui. Ndiyo maana tunamjazia."

Meneja akageuka. Akamkimbilia binti, akamwambia amwamuru yule mama afunge maji mara moja. Binti akainua kipaza sauti.

"Waheshimiwa wageni, yule pale ni mama yangu. Naomba tuvute subira. Birika linajaa."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" wifi akapaza sauti, na vigelegele vikafunika kila kitu.

Binti alifukuzwa kazi hata turubai halijakunjwa. Kwa fedheha ile, mkataba wa mwekezaji ukarudishwa kwa madiwani, na safari hii wafugaji waliujaza ukumbi mpaka madirishani. Aliyetaka kusema alisema mpaka akachoka. Mkataba ukavunjwa, na mita ikang'olewa. Lakini ukimuuliza Mama Birika habari hizo ataziruka zote. Atakushika mkono, macho yakimng'aa, akuulize kama siku ile ulikuwepo, na kabla hujajibu atakuwa ameshasema, "Ulimsikia mwanangu?"