Jina la Mwenye Taji

Nikisikia harufu ya siki, hata ile ya kwenye kachumbari, naiona studio ya Mzee Shabani pale Makandana. Dawa zake za kusafishia picha zilinuka hivyo hivyo, na mvua ikishika, harufu ilikaa ukutani kama mgeni asiyeaga. Tarehe msinidai, shule niliishia darasa la nne. Zilikuwa enzi zile za ruksa, sabuni imerudi madukani, na vikundi vya maigizo vikaanza kufika Tukuyu. Mzee Shabani aliwapiga picha wasanii na mavazi yao ya jukwaani, mbele ya pazia lililochorwa nguzo, akaandika jina nyuma, akatuuzia. Watoto tulizikusanya. Malkia mmoja tulimbadilisha kwa wachekeshaji wawili. Kuna msichana wa Kawetele alinipunja, lakini hayo tuyaache.

Kusoma kulinishinda, hivyo majina alinisomea mama. Siku moja nikaleta mfalme mwenye taji la karatasi, mwanamume mzuri, masharubu yamechongwa. Mama akaigeuza, akatazama nyuma, akainamisha uso.

"Huyu ni nani, mama?"

"Si ndiye huyo mwenye taji."

"Jina lake?"

"Wewe Tumpe, kamenye ndizi."

Nikamenya, jicho pembeni. Akaifunga ile picha kwenye khanga yake nzuri, akaiweka juu ya kabati, peke yake. Wengine wote walilala kwenye boksi la majani ya chai.

Basi nikaanza kumchunguza mama yangu mzazi. Kikundi cha yule mfalme kilikuwa kimefikia jirani na soko alikouzia ndizi. Akichelewa, roho juu. Akiimba, najiuliza anamwimbia nani. Niliogopa ataondoka nao, mimi niachwe kwa shangazi, ambaye kofi lake lilitangulia salamu.

Jioni ya tatu nikamwambia baba yote. Chakula hakukigusa.

"Mama Tumpe, nani huyo mwenye taji?"

"Msanii."

"Ana jina?"

"Analo."

"Litaje."

"Silitaji."

"Hulitaji, au linakuchoma mdomo?"

Mama akacheka, kicheko kikavu. "Teremsha usome, Baba Tumpe. Uliponioa kusoma ulijua."

Baba akapanda kigoda, akafungua khanga, akasoma kwa sauti: "Ambakisye." Akashuka, akaifunga tena kwenye khanga.

Lilikuwa jina la baba yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mimi nilimjua kama Babu, basi. Na kwetu Wanyakyusa mke halitamki jina la baba mkwe, hata mkwe akiwa kaburini, hata jina likiwa la mtu baki mwenye masharubu. Tena hata maandishi yake huyaweki ovyo.

"Nisamehe, Mama Tumpe," baba akasema. Mama akampakulia ndizi zilizokwisha kupoa.

Miaka mingi nimeisimulia hii watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mpaka nilipoolewa na kuwa na wakwe zangu, ndipo nikaona nisichokiona siku ile. Mama angeweza kumwambia baba, "Ni wajina wa baba yako," yakaisha pale pale. Sisi wake tuna njia mia za kulizunguka jina. Mwiko ulimfunga neno moja tu. Mengine aliyafunga mwenyewe, aone mumewe atamshuku mpaka wapi.

Akaona. Alituona wote wawili.