Kizungu cha Shosho wa Ng'ambo

Mjukuu wangu nilimlea mwenyewe hapa mtaa wa Jericho, tangu binti yangu, mama yake, alipofariki. Jioni tulikuwa mimi na yeye tu, mimi nachambua mboga za kuuza kesho sokoni, yeye ananiongelesha. Kwa hiyo Kiswahili alichokijua kilikuwa changu, cha mwanamke aliyeacha shule darasa la tatu. Akitoka nje kucheza watoto wa mtaa walimcheka. Wenzake wakisema "niaje" na "mambo," yeye alisimama mlangoni akasema, "Hamjambo nyote? Mmeshindaje?" Na hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota.

"Niaje, shosh!" walimjibu, yaani bibi kizee. "Leo mgongo unauma?"

Majina ya watoto hao ninayo yote, na ya mama zao, nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa mstari wetu. Hapa siyaandiki. Wengine wamekufa na wengine hawatapenda.

Kizungu cha shule alikijua vizuri, tena kuliko hao waliomcheka, ndiyo maana alipata mfadhili wa kumpeleka Uingereza kusomea uuguzi. Tulimpikia chapati, kanisa likamwombea, akaenda. Mimi nilifikiri Kizungu ni Kizungu, ukikijua umekijua.

Haikuchukua muda akanipigia analia. Nina simu ndogo ya vibonye, ile tunayoiita kabambe, haionyeshi sura, nasikia sauti tu.

"Shosho, hapa mimi ni bubu."

"Bubu namna gani, na umesoma?"

"Darasani naelewa. Lakini wagonjwa wanaongea mbio, wanameza maneno, wanataniana. Nikishapanga jibu langu, wao wamehamia habari nyingine. Na nikijibu wananiambia naongea kama mtu anayesoma taarifa redioni."

Mwalimu wake wa wodi alikuwa amemwita kando. Alimwambia mikono yake ni mizuri, anafunga vidonda vizuri, lakini anainamisha macho na hasemi na wagonjwa. Asipoweza kuzungumza nao kama mtu na mtu kabla ya mwisho wa mwaka, hatavuka kwenda mwaka wa pili. Na mfadhili halipii mwaka mmoja mara mbili. Atarudishwa nyumbani.

Hayo ya kuinamisha macho ni malezi yangu. Kwetu mtoto hamkazii mtu mzima macho. Na mtu mzima akisema jambo, limesemwa, humrudii kumuuliza kana kwamba amedanganya. Alijua hivyo tangu akiwa mdogo, sikuhitaji kumchapa.

Wakati huo alikuwa anakaa na wasichana wengine kutoka Kenya. Walipika ugali pamoja na kuongea Sheng, lugha ya vijana wa mitaani kwetu, tangu asubuhi mpaka usiku. Akaona akibaki hapo atarudi nyumbani na Sheng tu. Akahama. Kulikuwa na mama mzee mmoja aliyeishi peke yake, anayempa mwanafunzi chumba bila malipo, mradi wawe wakikaa pamoja jioni wanywe chai na kuzungumza.

Nikamuuliza, "Huyo mama hana watoto?"

"Ana mmoja wa kiume, anakaa mji mwingine."

"Na wajukuu?"

"Wapo."

"Sasa mbona anatafuta mgeni wa kuongea naye?"

Akasema, "Shosho, si hata wewe uko peke yako siku hizi."

Yule mama alimwambia amwite kwa jina lake. Mjukuu wangu hakuweza. Utamwitaje jina mtu mwenye mvi, kama vile mmecheza naye kamba? Akajaribu kumwita "Bibi" kwa Kizungu, mama akasema hilo linamzeesha. Mwisho akamwita Shosho. Mama akauliza maana yake, akaelezwa, akafurahi, akalikubali. Mjukuu wangu alinisimulia hayo akicheka. Mimi nilimwambia ni vizuri, amheshimu. Baada ya simu nilikaa muda mrefu bila kugusa mboga.

Lakini Kizungu kilikuja, siwezi kukataa. Yule mama hakumfundisha kwa kitabu. Kila jioni alimwuliza siku yake ilikwendaje, na akijibu kishule anamkatiza.

"Nilitumia usafiri wa umma," mjukuu wangu anasema.

"Ulifanya nini?"

"Nilitumia usafiri wa..."

"Ulipanda basi, mtoto! Sema nilipanda basi, na dereva alikuwa na uso wa siki."

Alimtuma dukani kununua mkate akamkataza kurudi kabla hajaongea na muuzaji habari za mvua, kwa sababu huko, inaonekana, watu wasiojuana huanzia mvua. Alimpa simu awapigie mafundi wa bomba agombane nao yeye mwenyewe. Alimwambia awatazame watu machoni. Kidogo kidogo nikaanza kusikia mabadiliko hata akiongea Kiswahili na mimi. Siku moja akaniita mpenzi wake. Nikamuuliza amechanganyikiwa? Akasema huko hata mwanamke wa sokoni anakuita hivyo na hakujui. Wanafunzi wenzake wakaanza kumcheka: mbona anaongea Kizungu cha wazee, maneno ya zamani, na ni msichana? Yaani shosh tena, huku nyumbani na huko ng'ambo.

Miezi hiyo mimi nilikuwa nimeanza kukohoa. Nilifikiri ni vumbi la soko. Kisha nikaona damu kwenye leso. Daktari alinipiga picha ya kifua, akaitazama, akaniambia nirudi na mtu wa familia, asingependa kunieleza nikiwa peke yangu. Mtu wa familia ninaye mmoja. Nilijua nikimwambia tu, atafunga mizigo siku hiyo hiyo, na mwaka wake utakufa hapo. Sikurudi kwa daktari. Kwenye simu nilimwambia niko salama. Naye, kwa vile nilikuwa nimemlea vizuri, alikubali.

Mtihani wake wa kuzungumza na wagonjwa ulikuwa umekaribia alipomkuta yule mama asubuhi ameshika ukingo wa meza, uso umebadilika rangi. Akamuuliza, "Shosho, uko sawa?" Mama akasema yuko sawa, ni kizunguzungu tu, aende darasani asichelewe. Mtu mzima amesema. Mjukuu wangu akachukua mkoba, akaenda.

Aliporudi mchana alimkuta sakafuni jikoni, birika limechemka mpaka maji yakaisha. Alikuwa bado anapumua. Gari la wagonjwa lilikuja, lakini alifia hospitali, hakusema tena neno.

Mwanawe alifika kutoka huo mji mwingine. Alipoelezwa ya asubuhi, hakumfokea. Alimuuliza tu, "Ulimwona asubuhi. Kwa nini hukumuuliza tena?"

"Kwetu mtu mzima haulizwi mara mbili," akamjibu.

Yule mwanamume akamtazama, akaanza kukusanya vikombe.

Kilichomshangaza mjukuu wangu ni kwamba hakuna aliyekuja. Alifagia nyumba, akapanga viti, akachemsha maji mengi ya chai, kwa sababu kwetu mtu akifa nyumba hujaa siku hiyo hiyo, watu wanaimba, wanaomba, wanaketi tu. Akakaa na hayo maji. Jirani mmoja aliacha kadi mlangoni akaenda. Aliponisimulia, niliwaambia akina mama wa kikundi chetu cha maombi, na Alhamisi tukaimba kwa ajili ya huyo marehemu nyumbani kwangu. Nililitaja jina lake kwenye maombi, nililiuliza makusudi ili nisilisahau. Mmoja akaninong'oneza, "Huyo ni nani wenu?" Nikamwambia ni shosho wa mjukuu wangu. Kikohozi kikanishika katikati ya wimbo nikatoka nje.

Mtihani haukungoja. Walimpa mzee aliyefanyiwa upasuaji, mwalimu akasimama nyuma yake na kalamu. Mjukuu wangu akamuuliza mzee anaendeleaje. Mzee akasema hajambo. Miezi ya mwanzo angeandika hajambo akaendelea. Safari hii alivuta kiti, akaketi, akamtazama machoni, akasema kwa maneno na sauti ya yule mama, "Haya mpenzi, hayo umemwambia daktari. Sasa niambie mimi." Mzee akaanza kulia. Alikuwa na maumivu tangu asubuhi, hakutaka kusumbua watu.

Mwalimu alimpitisha. Alimuuliza Kizungu kile kizuri amejifunzia wapi, naye akaenda kulilia chooni.

Yote hayo alinieleza Jumapili, mimi nimekaa kitandani na mto mgongoni kwa sababu siku hizi siwezi kulala chali. Nikamshukuru Mungu. Amevuka. Kuna mwaka wa pili na wa tatu, na baadaye kazi huko huko. Nilimwambia asome, asiwaze nyumbani.

"Na wewe, Shosho? Unaendeleaje?"

"Niko salama, mama. Ni maji tu, mfereji umekauka tena, tunanunua kwa mitungi."

Hapo zamani tungeagana. Nilikuwa nishaanza kuitoa simu sikioni.

"Sijauliza maji," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, tulivu, kama ya mtu aliyevuta kiti. "Nauliza wewe. Nasikia unavyopumua. Niambie mimi."

Sikuwahi kuulizwa mara mbili na mtoto niliyemlea. Kilinijia kikohozi nikakibana na leso mpaka macho yakatoka machozi. Nikamwambia chaji inaisha, nikakata.

Simu ilikuwa imejaa chaji. Tangu siku hiyo anapiga kila jioni badala ya Jumapili, na ikilia mimi hunywa kwanza maji ya moto, nikasafisha koo, nikajaribu sauti peke yangu chumbani, ndipo naipokea.