Muhuri Wangu wa Uhandisi

Siku yangu ya kwanza kazini nchini Uganda nilipewa sururu. Ilikuwa mapema mwaka 1997, pale Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye kituo ambapo wakimbizi wapya huandikishwa na kulala mpaka wagawiwe viwanja. Mume wangu Yoeli, watoto wetu na mimi tulikuwa tumekimbia vita Uvira, huko Kivu, mashariki ya Kongo, mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na kiwanja tulikuwa tumeshapewa Rubondo, kijiji kimoja cha makazi hayo. Tukasikia wanatafutwa watu wa kuchimba mtaro wa bomba la maji. Yoeli alikuwa amepata nafasi ya kufundisha shule ya msingi. Mimi nikaenda mtaroni.

Vijana wanaosoma haya wajue kwamba sikuwa mgeni wa mabomba. Nilisomea uhandisi wa maji Lubumbashi, kwa Kifaransa, kisha nikafanya kazi Uvira karibu miaka kumi. Lakini mbele ya ule mtaro nilikuwa mama mmoja mwenye kitenge na mikono yenye malengelenge, basi.

Mkubwa wetu alikuwa Msimamizi wa Maji, kijana wa Kinyankole, mpole, mwenye haraka. Siku hiyo msaidizi wake alikuwa kitandani na malaria. Akasimamisha ile darubini ya kupimia usawa, inayokaa juu ya miguu mitatu. Anayeangalia ndani yake husoma namba kwenye ubao mrefu ulioshikwa na mwenzake kule mbele, na kwa namba hizo hujua ardhi inapanda au inashuka. Bila darubini hiyo unaweza kuchimba mtaro mzuri sana ambao maji yatakataa kuupita.

"Nani hapa najua hii chombo?" akauliza.

Nikainua mkono.

"Mama, hii hapana jiko," akasema nyapara, na wachimbaji wakacheka.

Msimamizi hakucheka. Akanipisha. Nikasawazisha lile povu linaloonyesha kama chombo kimelala sawa, nikasoma, nikataja namba. Akaangalia mwenyewe, akaandika.

"Nyabo," akaniita kwa heshima, "wewe ni nani?"

"Niko injinia wa maji, Bwana. Nilisomea Lubumbashi, nikatumika Uvira miaka mingi."

"Basi weka sururu chini," akasema. Baadaye, wengine wakinywa uji, akaniambia jambo lililonichoma kuliko kicheko cha nyapara: "Kazi nitakupa. Jina la injinia siwezi kukupa. Hapa injinia ni mtu ambaye bodi ya wahandisi imemsajili. Kwa sasa wewe ni fundi msaidizi."

Nilimwambia Yoeli jioni ile kwamba wamenivua shahada yangu kama mtu anavyovuliwa koti. Yoeli akasema, "Koti liko. Ni baridi tu ya fasi hii, ya Uganda, iko ingine." Sikumwelewa.

Miaka yangu ya ufundi msaidizi ilikuwa kazi ya visima na ya ziwa. Rubondo tulitegemea visima vya pampu ya mkono. Pampu hizo huharibika mara nyingi mahali pamoja, kwenye vile viwambo vya mpira vinavyoinua maji ndani ya bomba. Niliwafundisha wanawake wa kila kisima kuvibadilisha wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaoamka kupanga madumu foleni. Upande wa ziwa kazi ilikuwa kusafisha. Maji ya Ziwa Nakivale yana tope laini lisilozama hata ukilisubiri wiki. Tulitia shabu, ile chumvi inayoshikanisha chembe za tope mpaka ziwe nzito na kuanguka chini, kisha klorini ya kuua vijidudu. Kipimo cha shabu hubadilika na mvua. Kila asubuhi nilipanga glasi mezani, kila moja na kipimo chake, nikangoja kuona ipi itatakata kwanza. Msimamizi alizoea kupita na kuuliza, "Leo ziwa nasema nini?"

Ni yeye aliyenipendekeza kazi mjini Mbarara. Kulikuwa na kampuni ndogo ya ushauri wa uhandisi yenye ofisi mtaa wa Kakoba, ghorofa ya juu, chini yake mafundi wa bodaboda wakigonga vyuma kutwa. Mwenye kampuni tulimwita Injinia Mkuu. Alikuwa mtu mzima, mrefu, aliyeishi uhamishoni Kenya ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilichora na kupiga hesabu, yeye akakagua na kugonga muhuri. Kwa sheria, mchoro usio na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ni karatasi ya kufungia karanga. Kwa miaka kadhaa nilijenga matangi na mifereji ambayo jina langu halikuwamo popote.

Siku moja nilitumwa kukagua msingi wa tangi la juu, lile linalosimama kwa miguu ya zege, kwenye shule moja nje ya mji. Mkandarasi alikuwa ameshapanga nondo shimoni, na mashine ya kuchanganya zege inanguruma. Nikashuka shimoni. Kona moja udongo ulikuwa na rangi nyingine, mwekundu mwepesi, na kijiti kilizama bila kusukumwa. Palikuwa na kichuguu cha zamani, kilichosawazishwa juu na kuachwa kitupu chini. Tangi lililojaa lingekaa juu ya vyumba vya mchwa.

"Simamisha," nikamwambia mkandarasi.

"Kwa amri ya nani?"

"Ya ofisi."

"Wewe si injinia, mama. Nimeuliza. Kuja na mwenye muhuri." Akageuka, akawaambia vijana wamwage zege.

Nilikaa ndani ya shimo. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nikampigia Injinia Mkuu kwa simu ambayo mwalimu mkuu alinishushia mle mle, nikabaki nimekaa juu ya nondo, na vijana hawakuthubutu kummwagia mama mtu mzima zege miguuni. Injinia Mkuu alikuja kwa bodaboda, suti yake imejaa vumbi. Alichomeka fimbo pale penye kichuguu, ikaingia mpaka mkononi. Akasema neno moja tu, na mashine ikazimwa.

Njiani kurudi hakunisifu. "Wewe umeona," alisema, "na mimi nimesimamisha. Kati ya kuona na kusimamisha kuna muhuri. Siku nisipopatikana kwa simu utafanyaje? Utakaa shimoni maisha yako yote?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpaka siku ile nilikuwa nautamani usajili kwa ajili ya heshima yangu. Sikuwa nimefikiria wale watoto wa shule.

Sasa niwaeleze njia yenyewe, maana wengi hunisimamisha kanisani kuniuliza. Bodi hutaka ithibitishiwe kwamba ulisoma kweli, na uthibitisho utoke shuleni kwako. Hutaka wahandisi waliosajiliwa waseme wamekuona kazini. Hutaka uandike ripoti ya kazi ulizofanya. Mwisho unaketi mbele ya jopo, wanakuuliza ana kwa ana, kwa Kiingereza.

Shahada nilikuwa nayo. Uthibitisho wa Lubumbashi ndio ulikuwa mlima, kwa sababu vita vilikuwa vimeikata nchi yetu vipande, na barua hazikuvuka. Nilingoja. Nchi ilipounganishwa tena, pasta wetu wa Rubondo alialikwa mkutano wa kanisa kule Lubumbashi. Nikamwomba apitie shuleni kwangu. Aliporudi alinisimulia namna walivyomwambia aje kesho, na kesho yake tena aje kesho.

"Nikaona banacheza na mimi," alisema. "Nikaketi pale mlangoni kwa katibu, nikafungua Biblia, nikaanza kusoma kwa sauti. Kitabu cha Ayubu. Sikufika mbali, mama. Baliandika."

Kiingereza alinifundisha Yoeli, Jumapili baada ya ibada, pamoja na watoto ambao walikwisha kunipita na ambao walifurahi sana kunisahihisha.

Mara ya kwanza mbele ya jopo nilianguka. Nilikuwa nimevaa vizuri na nilijibu kila hesabu. Lakini waliponiuliza juu ya kanuni za ujenzi za Uganda, udongo wa huku Ankole unavyovimba na kusinyaa, na sheria inayosema nani ana haki ya kuchota maji ya mto, nilijibu kwa kanuni za Kifaransa. Mwenyekiti wa jopo, mama mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho. "Hesabu zako ni safi, Madam," alisema, "lakini unajenga nchi nyingine."

Nilirudi Kakoba nimefura. Nikamwambia Injinia Mkuu kwamba wananinyima kwa sababu mimi ni mkimbizi.

"Inawezekana," alisema. "Wako watu wa namna hiyo. Sasa niambie, ni swali gani walilokuuliza ambalo mhandisi wa hapa hapaswi kulijua?"

Nikafikiri. Nikatafuta swali hata moja la kushikilia. Sikulipata, na hasira yangu ikabaki haina pa kukaa. Kuanzia wiki ile alinipeleka kila saiti, hata zisizo za maji: barabara, kuta za kuzuia mlima, machinjio. Nilianza kujifunza nchi hii kwa kuigusa.

Mara ya pili mwenyekiti alikuwa yule yule. Aliuliza mambo mengi, na mwisho akafunga faili. "Mwajiri wako anakuambia weka sahihi kwenye kazi ambayo hujaiona. Utafanya nini?"

"Nitaenda kuiona," nilisema.

"Akikataza?"

"Basi atafute mkono mwingine. Huu ni wangu."

Akatabasamu kidogo tu, akaandika. Baada ya wiki chache, barua ya usajili ilipofika, Injinia Mkuu aliniita ofisini, akasimama, akanipa mkono kwa mikono yote miwili na kuniita "Injinia" mbele ya mhudumu wa chai. Mchoro wa kwanza niliougonga muhuri wenye jina langu ulikuwa wa bomba la kupeleka maji shule ya msingi ya Rubondo. Yoeli aliomba kuuona. Alipitisha kidole juu ya jina langu polepole kama anayesoma nukta za vipofu, akaingia chumbani. Nilimsikia akiimba huko.

Kazi ninayojivunia zaidi, hata hivyo, ni moja ambayo kwanza nilikataa kuiwekea sahihi. Jeshi lilijenga tangi la zege kwenye kambi upande wa Mbarara, juu ya nyumba za familia za askari, na mimi nilikuwa mhandisi msimamizi. Zege likimwagwa huonekana gumu mapema, lakini nguvu yake huja polepole. Kwa hiyo tunaweka kando vitofali vya zege lile lile, na vikikomaa tunavivunja kwa mashine kupima uwezo wake. Vitofali vya ukuta wa mwisho vilikuwa havijafikia siku ya kuvunjwa. Meja aliyesimamia makazi alikuja, nyuma yake askari wawili.

"Mama Injinia, wakubwa nakuja Ijumaa kufungua hii tangi. Jaza maji. Weka sahihi."

"Afande, zege bado changa. Tungoje mashine iseme."

"Mashine gani? Angalia, hii ni jiwe!" Akapiga ukuta kwa ngumi. "Mimi nimeshaambia wakubwa maji iko tayari. Wewe mkimbizi nakataa amri ya jeshi?"

Mimi ni mtu wa Kivu. Sare ya jeshi naijua kwa namna ambayo Meja hakuijua. Lakini nilitazama chini ya kilima. Wanawake walikuwa wanaanika nguo, na mtoto mmoja anasukuma tairi.

"Afande, amri ya jeshi siwezi kukataa, mimi si askari wako. Ninachokataa ni kusema najua kitu ambacho sikijui. Waume wa wale akina mama wako chini yako. Ukitaka, waite hapa, uwaambie ukuta umepimwa. Mimi siwezi kuwaambia hivyo."

Alinitazama sana. Kisha akatazama nilikotazama mimi. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Hapana leta maneno mingi," alisema, na akaondoka. Wakubwa walikuja Ijumaa, wakaonyeshwa tangi tupu, wakala, wakaenda.

Vitofali vilipovunjwa, vilifaulu. Ukuta ulikuwa mzima tangu mwanzo. Meja alicheka sana siku tulipojaza maji: "Mama, umeona? Ungeweka sahihi tu!" Nami nikacheka naye. Vijana wengine huniuliza kama sikuona aibu, kumzuia mkubwa yule bure. Hapana. Siku ile ya kukataa sikujua, na siku ya kusaini nilijua. Kazi yetu yote iko katikati ya siku hizo mbili. Bodi haikunipa elimu, hiyo nilikuja nayo. Ilinipa haki ya kusema "bado", nami nikasikilizwa na mtu mwenye bunduki.

Nilistaafu ajira mwaka 2015, si usajili. Usajili unadumu alimradi uuhuishe. Ofisini walinikatia keki, na hotuba zilikuwa ndefu. Kitambulisho changu bado kilikuwa cha mkimbizi, na muhuri wangu ulikuwa wa mhandisi, vyote viwili kwenye mkoba mmoja. Niliacha zamani kuona kwamba kimoja kinakitukana kingine. Kwa ninyi mliosoma Bujumbura, Lubumbashi au kwingine, mkaletwa hapa na miguu yenu, nasema: msidharau sururu, na msikubali kuishia hapo. Jifunzeni udongo wa mahali mlipo. Mkianguka mbele ya jopo, kwanza jiulizeni ni swali gani liliwashinda.

Injinia Mkuu alikuja kwenye sherehe ile kwa mkongojo. Alikuwa ameshaacha kazi, na usajili wake aliuacha umalizike. Watu walipopungua alinivuta pembeni, akatoa mchoro mkubwa, akaukunjua juu ya meza ya keki. Ulikuwa wa jengo analotaka kuwajengea wajukuu wake kijijini, ameuchora mwenyewe, kwa mistari yake ile ile safi.

"Muhuri wangu haufanyi kazi tena," alisema. "Nimekuja kuomba wako."

Nilisoma mchoro wote. Sikuona kosa. Kalamu ilikuwa mezani, na mtu yule ndiye aliyenifanya niwe nilivyo.

"Nitakuja Jumatatu nione kiwanja," nikasema.

Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kujifutia macho. "Ndiyo sababu sikwenda kwa mwingine," alisema.

Jumatatu nilivaa buti nikaenda. Tulizunguka kiwanja chote pamoja, yeye na mkongojo wake, mimi na darubini. Ardhi ilikuwa nzuri. Nikaweka sahihi.