Farasi Aliyesimamishwa Konani

Juzi, kwenye televisheni ya duka la vyakula pale Morse Road, nilimwona mpanda farasi akivuta hatamu huku wenzake wakimpita. Nikaikumbuka alasiri moja ya mbio za farasi mjini Louisville, nilipokuwa mtoto.

Baba alikuwa akitunza farasi mmoja mwekundu, na kila jioni alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Beechmont akinuka nyasi kavu na jasho la mnyama huyo. Siku hiyo ya mbio mama alikuwa amembetia farasi huyo, nami nilishikishwa tiketi, nikaibana kiganjani hadi ikalowa. Ardhi ilitetemeka kwa kwato. Farasi wa baba aliongoza hadi kona ya mwisho, ndipo mpanda wake, mwanaume mwembamba mfupi kama mtoto wa shule, akamvuta polepole mpaka akasimama.

"Bon, ule mutu anamuzuia," mama alisema kwa sauti ndogo. "Ametuuzisha." Alimaanisha kwamba mpanda amehongwa ili ashindwe.

Watu walizomea. Baba alipita chini ya uzio, akakimbia, akamkumbatia farasi shingoni huku akilia. Nilidhani analilia tiketi. Sikujua kwamba mguu wa farasi ulikuwa umeanza kupasuka mfupa, na kwamba mpanda aliuhisi kabla sisi hatujaona lolote. Hatua chache zaidi, mguu ungevunjika kabisa, na farasi angechomwa sindano ya kufa palepale.

Mpanda alipopita karibu nasi amebeba tandiko lake, nilimwambia, "Wewe ni mwizi."

Hakujua Kiswahili. Alinigusa kichwa, akatabasamu kwa uchovu. Nadhani alifikiri namshukuru, na sasa sijui nimtafute wapi.