Nyuzi za Ndege ya Mwita

Dereva wa pikipiki alinishusha mbele ya gesti ambayo sikuitaja, akasema hii ndiyo inayowafaa watu wa aina yangu, kisha akaondoka kabla sijamuuliza aina yangu ni ipi. Vumbi la barabara ya kutoka Geita mjini lilikuwa limenijaa hadi kwenye meno. Rwamgasa sikuwa nimewahi kufika. Makarasha yalisaga mawe ya dhahabu kila upande, na kelele zake zilimlazimu kila mtu aongee kama anayegombana. Baadaye nilitambua kwamba wengi walikuwa wanagombana kweli.

Katika ukumbi wa chakula, mwanamume mmoja mwembamba alikuwa amesimama juu ya meza miguu mitupu, akining'iniza ndege.

"Pita pembeni," alisema bila kunitazama. "Usipite chini yake."

"Habari za kazi?"

"Kazi si hiyo unaiona? Unataka habari yake ya nini?"

Ilikuwa ndege ya mfano, ya karatasi na mwanzi, ya mtindo wa zamani, ya mabawa mawili, moja juu ya jingine kama rafu za kabati, urefu wake kutoka ncha hadi ncha ukitosha mikono ya mtoto iliyonyooshwa. Kati ya mabawa zilisimama nguzo nyembamba za mwanzi, na kati ya nguzo zilipishana nyuzi ambazo niliziona tu mwanga wa mlangoni ulipozipiga. Nimeziona ndege za namna hiyo nyuma ya vioo, katika majumba ya makumbusho ya miji ya mbali, na nyingi zilifungwa nyuzi nene kama kamba za kuanikia nguo. Hizi zilikuwa kama nywele.

"Huyo anaitwa Mwita," mwenye gesti aliniambia kutoka kaunta. Jina lake Dorah, lakini wote walimwita Mama Blessing. "Ni fundi, na hana adabu. Yote mawili niliyajua kabla sijamwagiza."

"Adabu hukuniagiza, Mama Blessing. Uliagiza ndege."

Mama Blessing alicheka kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake, akanieleza jambo lenyewe kwa sauti ya juu ili Mwita asikie kila neno. Ndege hii ikidumu ukumbini na kupendeza wateja, angemwagiza nyingine ya gesti yake ya Katoro, na nyingine ya Geita mjini, na baada ya hapo angemtafutia wenye mahoteli hadi Shinyanga. Isipodumu, Mwita arudi shimoni. Nafasi yake ya kujenga matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za shimo zisianguke, ilikuwa bado inashikiliwa na kiongozi wa duara lao, kama wanavyoliita shimo, mtu anayeitwa Ignas. Ila Ignas alikuwa amechoka kungoja, na jioni hiyo angekuja kuchukua jibu.

"Na shimoni hataki," Mama Blessing aliongeza. "Mvua za mwaka jana udongo ulimfukia mpaka kifuani. Siku hizi akifika mdomoni mwa shimo anatapika kwanza."

Mwita hakukana. Alishuka mezani, akaketi, akaanza kukata uzi kwa wembe.

Sikumpenda, na yeye hakuficha kwamba hanipendi. Lakini nilitaka kujua mabawa yale yamekaaje sawasawa, nikamuuliza.

"Unajua kufunga kamba za viatu?"

"Najua."

"Basi utaharibu. Mtu wa viatu anaanza upande mmoja, anakaza, anapanda, anakaza. Ndege ukiikaza hivyo inapinda bega kama mzee aliyepigwa na kiharusi."

Aliongea kama anayenitukana, lakini aliongea. Matundu yote hutobolewa mapema, alisema, kwa sindano iliyotiwa moto, kabla ya rangi na kabla ya bawa la juu kukaa mahali pake. Anayetoboa baadaye hupasua karatasi, kisha hulaumu karatasi. Mabawa hupakwa rangi yakiwa bado yametengana, maana nyuzi zikishafungwa brashi haipiti. Bawa la juu haliwekwi kwa kukisia. Yeye hulilaza juu ya vipande vya boksi vilivyokatwa kwa kimo kimoja, hukagua kwa kuangalia kutoka puani mwa ndege, ndipo hutia gundi kwenye nguzo. Halafu husubiri.

"Wengi hapo kwenye kusubiri ndipo wanapokufa," alisema.

Uzi wake ni nailoni ya wavuvi, ile nyembamba kabisa, inayotoka ziwani. Huanza katikati, karibu na mwili wa ndege, akifunga wa kushoto na papo hapo mwenzake wa kulia, ndipo asogee nje. Uzi hupitishwa kwenye tundu la bawa, ncha yake huning'inizwa nati ndogo ili ijivute yenyewe wakati gundi inakauka, kisha wembe hukata kilichozidi. Nilimuuliza kwa nini nyuzi nyingine zinainama huku na nyingine kule. Alinitazama kana kwamba nimeuliza mvua inatoka wapi.

"Hizi zinabeba bawa ndege ikiwa angani, lisikunjwe juu. Hizi zinalibeba ikiwa chini, lisidondoke. Nguzo inasukumwa, uzi unavutwa. Matimba ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba ndege haikufukii."

Uzi mmoja ulikuwa umelegea. Aliwasha kijiti cha kiberiti, akakipuliza kikazimika, akakisogeza kingali moto karibu na nailoni bila kuigusa. Uzi ulijikunja kidogo, ukanyooka, ukatulia. Nilisahau kwa muda kwamba tunachukiana.

"Ukigusa, umekata," alisema. "Kama ni wewe, ungekuwa umeshagusa."

Ndege ya kweli ya namna hiyo aliiona utotoni Mwadui, ambako baba yake, Mkurya wa Tarime, alikuwa mlinzi wa mgodi. Ilikuwa imekuja kunyunyizia pamba dawa. Alifukuzwa kwa fimbo, lakini hakufukuzwa upesi vya kutosha, na alichokumbuka ni zile nyuzi, na jinsi zilivyolia upepo ulipopita.

Nilishangaa kwa nini ameitundika chini hivyo, kimo cha mkono wa mtu mzima. Akanionyesha paa. Bati tupu, mchana huwaka, na joto lake lingevuta nailoni hadi mabawa yavunjike. Hewa ya kufaa ilikuwa hapo chini, juu ya meza.

Jioni Ignas aliingia, mpana, tope limemkaukia shingoni, wachimbaji wawili nyuma yake.

"Mwadila, mayu," alimwamkia Mama Blessing kwa Kisukuma, akamgeukia Mwita na kumwita kijana kwa Kikurya. "Mura! Umekuwa rubani?"

"Kaa mbali nayo."

"Nakaa mbali. Mimi nimekuja kula na kuchukua fundi wangu."

Alisimama chini ya ndege akiuliza kama kuna samaki. Macho yake yalikuwa kwenye sufuria. Mkono wake ulinyanyuka peke yake, ukashika uzi wa bawa la kushoto, ukauvuta kwa nguvu mara moja.

Ulikatika. Bawa la juu liliinua ncha yake.

"Mbwa wewe!" Mwita alipiga kelele.

Ignas aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Sikukusudia, mura. Haki ya Mungu."

Nilimwamini, kwa sababu Mwita alipokuwa ameinama kutafuta uzi mwingine, mmoja wa wachimbaji wale wawili alipita kwenda kunawa, na mkono wake nao ukapanda, ukavuta, ukaendelea na safari. Kamba ya shimoni haiaminiwi kwa macho. Mchimbaji huivuta kabla hajaikabidhi uzito wake, na akishazoea huvuta kila kilichofungwa juu ya kichwa chake, iwe kamba ya winchi au chandarua. Mwenye kusahau huzikwa. Ukumbi huu ulilisha wachimbaji watupu.

"Na wewe ni mchimbaji," Mama Blessing alimwambia Mwita. Alikuwa ametoka nyuma ya kaunta. "Hukulijua hili?"

Mwita aliokota uzi uliokatika.

"Nilifikiria upepo," alisema. "Nilifikiria bati. Mikono sikuifikiria."

"Basi funga waya. Ule wa kufungia nondo. Wavute mpaka wachoke."

"Waya ule haunyooki mpaka uuvute kwa koleo, na ukiuvuta unang'oa nguzo. Na hata ukikaa, itakuwa ndege au kitanda cha chuma?"

"Wateja wangu hawajui tofauti."

"Mimi najua."

Nilijitia kusema: labda izungushiwe wavu mdogo, kwa mbali.

"Wavu?" Mama Blessing alinigeukia. "Niweke banda la kuku katikati ya ukumbi, mgeni? Wewe kwenu mnakula bandani?"

Wachimbaji walicheka. Mwita hakucheka, alinitazama kwa dharau safi kabisa, kana kwamba kati ya wote waliomvunjia ndege, mimi ndiye niliyeivunja zaidi.

"Mura, chagua," Ignas alisema, mdomo umejaa wali. "Waya wa nondo, au matimba. Kesho tunashuka alfajiri, na aliyeshika nafasi yako anajenga kama anajengea mbuzi."

"Weka waya, Mwita," Mama Blessing alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Ni waya tu. Nani atakuuliza?"

Mwita alipanda mezani. Nilidhani amekubali. Akachukua wembe, akakata nyuzi zote, moja baada ya nyingine, kushoto na mwenzake wa kulia, kutoka nje kuja ndani. Aling'oa bawa la juu pamoja na nguzo zake, akaliweka kwapani. Mwili na bawa la chini akavishika kwa mkono mwingine.

"Hiyo ni ya kwangu!" Mama Blessing alifoka.

"Hukuitaka. Ulitaka kitanda." Akamgeukia Ignas. "Umeshiba?"

"Bado."

"Umeshiba. Twende."

Ignas aliacha samaki nusu, akanawa, akatoka akicheka peke yake. Nje Mwita aliinama ukutani, akatapika, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono yote ilikuwa imejaa, akapanda nyuma ya pikipiki ya Ignas. Bawa la juu lilimpiga Ignas kisogoni. Wakatukanana, mmoja kwa Kisukuma, mwingine kwa Kikurya, kila mmoja akimwelewa mwenzake vizuri kabisa. Pikipiki ikaingia kwenye vumbi la makarasha na bawa limechomoza pembeni.

Mama Blessing alikuwa anafuta meza kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Na wewe," aliniambia, "unalala, au nawe unaondoka?"

Nilimwambia nalala.